Unga wa Sajini

Mwaka wa sabini na saba mvua ilikataa kwisha. Mahindi yalikomaa yakiwa yameloa, yakavunwa yakiwa yameloa, na yakaingizwa ghalani yakiwa bado na maji ndani ya magunzi. Kwenye miinuko yote inayoizunguka Kenyenya watu waliyatandaza kila jua lilipochungulia na kuyakimbiza ndani kila wingu lilipopita, na siku nyingi walifanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Tryphosa Kemuma aliyachambua ya kwake mbele ya ghala, amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Alitenga marundo matatu kama alivyofundishwa na mama yake. La kwanza lilikuwa la watu. La pili, la punje zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, lilikuwa la kuku. La tatu lilikuwa la yale yaliyoota kuvu: punje zimeshikamana, nyingine za kijani, nyingine nyeusi, na ukizipukuchua zinatoa vumbi la kukupigisha chafya. Mwaka ule rundo la tatu lilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuliona.

Zamani, nyumbani kwa mama yake, rundo hilo halikumsumbua mtu. Lilikuwa la pombe. Mahindi mabovu yalisagwa, yakachachushwa, yakakaangwa, yakatiwa kimea cha wimbi, na watu wakanywa busaa wakaimba. Hakuna kilichotupwa. Lakini Tryphosa na mumewe walikuwa Wasabato, walibatizwa mtoni siku moja wakiwa wameshikana mikono kwa kuogopa maji, na nyumba ya Msabato haipiki pombe. Kwa hiyo rundo la tatu lilikaa pale kwenye mkeka halina mwenyewe.

Mumewe, Zachariah Ongeri, alikuwa kipofu. Hakuzaliwa hivyo. Ujana wake wote aliumaliza Tabaka akichonga mawe laini, vibakuli na tembo na kobe, na macho yakamwacha polepole, kwanza pembeni, kisha katikati. Sasa alikaa nyumbani, na mchuuzi mmoja alimletea vibakuli vilivyokwisha kuchongwa, naye akavisugua kwa maji na msasa mpaka vikateleza mkononi kama samaki. Kazi hiyo haikuhitaji macho.

Kilichohitaji macho ni njia, na kwa njia alikuwa na Sajini.

Sajini alikuwa mbwa wa kawaida, wa rangi ya udongo, mwenye mabaka matatu meupe begani kama tepe za askari, ambayo ndiyo yaliyompa jina. Hakuna aliyemfundisha kazi. Zachariah alipoanza kupotewa na macho alimfunga shingoni kengele ndogo ya mbuzi ili ajue aliko majanini. Mbwa akazoea kutangulia, mtu akazoea kuifuata kengele, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na namna nyingine. Kwenye gogo la kuvukia kijito mbwa alisimama mpaka asikie fimbo ya Zachariah imegonga mti, ndipo akavuka. Hivyo ndivyo mzee yule alivyokwenda kanisani kila Sabato, tai imefungwa, hatua kadhaa mbele ya mkewe. Hivyo ndivyo alivyokwenda barabarani kumngoja mchuuzi, na kwa waliofiwa kuwapa pole.

Tryphosa alijua kwamba bila Sajini mumewe angekuwa mtu wa kushikwa mkono. Mumewe aliwahi kumwambia, bila hasira, kama mtu anayesema atakunywa chai, "Mama Abner, siku nitakayoongozwa kama ng'ombe wa mnadani, nitakaa ndani nisitoke." Abner alikuwa mtoto wao wa pekee, naye alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, na alirudi Krismasi kama alirudi.

Ng'ambo ya kijito aliishi Ombui, mdogo wake Zachariah. Mkewe, Bitutu, alipika busaa, na mchana wa siku za soko ua wao ulijaa wanywaji. Ombui mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi na ubaya mchache. Siku ile ya kuchambua alipanda kilima akasimama kando ya mkeka.

"Shemeji, hilo rundo la mwisho linaelekea wapi?"

"Muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa barazani, kibakuli cha jiwe mapajani, mbwa miguuni.

"Kaka, nipe hayo mabovu," Ombui alisema. "Bitutu atakuletea mkungu wa ndizi. Tena mkubwa."

"Utayafanyia nini?"

"Nitayaombea."

Tryphosa alicheka kabla hajajizuia. Zachariah hakucheka. Aliweka msasa chini.

"Ombui, mambo hayo niliyaacha. Siwezi kuacha kunywa, halafu niwe ndiye ninayewapa watu unga wa kulewea. Huko ni kubatizwa nusu."

"Sikuombi uje kunywa. Nakuomba kitu unachokwenda kutupa."

"Sikitupi. Mbwa atakula."

"Mbwa?"

"Heri ale mbwa kuliko watu wapigane uani kwako kwa mahindi yangu."

Ombui alimtazama Sajini kwa muda. "Haya, Sajini, umepandishwa cheo. Chakula cha ndugu wa mtu unapewa wewe." Akageuka kwenda zake, na alipofika penye migomba akasema bila kutazama nyuma, "Basi na ashibe. Tutaona shibe hiyo itamfikisha wapi."

Yalikuwa maneno ya mtu aliyeudhika, yale ambayo msemaji huyasahau kabla hajavuka kijito.

Tryphosa aliyapeleka mahindi yale kwenye mashine ya kusagia, akaomba yasagwe mwisho, baada ya ya watu wote, ili yasichafue unga wa mwingine. Unga ulitoka na rangi ya majivu. Jioni aliusonga kwenye sufuria kuukuu, akaupoza, akamwekea mbwa.

Sajini alinusa, akarudi nyuma, akakaa.

"Anakula?" Zachariah aliuliza kutoka barazani.

"Anafikiria."

"Mwambie mbwa wa Msabato asijifanye mtakatifu kuliko sisi."

Tryphosa hakupenda mnyama alale na njaa, hasa huyu. Alikuwa na mchuzi wa omena, dagaa wa ziwani, uliobaki, akaumimina juu ya ule ugali, akauvuruga kwa mwiko, akainama na kumbembeleza mbwa kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa. Sajini akala. Akalamba hata ukingo wa chombo. Tangu siku hiyo Tryphosa hakusahau mchuzi. Siku isiyo na omena alitia maziwa. Majirani wakamtania kwamba mbwa wake anakula kuliko mwalimu.

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha Sajini akaanza kuchelewa kuamka. Asubuhi Zachariah alikuwa amekwisha kuvaa viatu, fimbo mkononi, na mbwa bado amelala kwenye majivu ya jana. Njiani kengele ilitangulia, ikasimama, ikatangulia tena. "Anazeeka," Zachariah alisema. Siku nyingine mbwa alitapika karibu na gogo, na Zachariah akangoja upande huu wa kijito bila kujua anachokingojea.

Tryphosa aliona kile ambacho mumewe hakuweza kukiona. Siku moja, akimwekea Sajini chakula, mbwa aliinua macho, na sehemu nyeupe ya macho haikuwa nyeupe tena. Ilikuwa manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Alimfunua mdomo. Ufizi nao ulikuwa manjano. Mkojo wake ukutani ulikuwa kama chai ya rangi. Tryphosa alimfunga mdomo polepole, akasimama. Hakumwambia mumewe. Hakuwa na nia ya kumficha. Alikuwa tu hajajua aseme nini, na aliona kwamba kulisema kungekuwa kama kulifanya kuwa kweli. Alizidisha maziwa kwenye chakula.

Zachariah aligundua mwenyewe, kwa mikono. Alikuwa akimkuna mbwa tumboni kama alivyozoea, na mikono ile iliyopima mawe maisha yake yote ikasimama. Ikarudi mbavuni, ikazihesabu moja moja, kisha ikashuka tena tumboni.

"Mama Abner. Huyu amekonda juu na amevimba chini. Njoo uguse. Kuna maji humu."

Tryphosa akaja, akagusa, ndipo akamwambia habari za macho.

Zachariah alizungumza polepole.

"Mbwa mzima hageuki manjano. Huyu ametiliwa kitu."

"Na nani?"

"Nani alisema tutaona shibe itamfikisha wapi?"

"Baba Abner, Ombui alikuwa anasema tu."

"Nami nauliza tu."

Lakini hakuuliza tu. Siku ya soko, Sajini alipojaribu kuinuka na miguu ya nyuma ikakataa, Zachariah alikwenda mwenyewe mpaka ukingo wa shamba, akipapasa kwa fimbo, akasimama mahali ambapo ardhi inaanza kuteremka. Ng'ambo, uani kwa Ombui, watu walikuwa wamezunguka chungu. Akaita. Sauti yake ya kanisani, iliyozoea kuongoza sala bila kipaza sauti, ilivuka kijito bila shida.

"Ombui! Mbwa wangu amekukosea nini?"

Ombui alitoka nje ya kivuli cha nyumba, wanywaji nyuma yake.

"Mbwa ana nini, kaka?"

"Anakufa kwa sumu uliyomtilia!"

"Mimi? Ningemtilia kwenye nini? Kwenye nyama? Nyama mimi mwenyewe sijaiona tangu Krismasi!"

Wanywaji wakacheka, na Zachariah akakisikia kicheko chao.

"Chekeni! Mungu anaona!"

"Anaona, ndiyo," Ombui alijibu. "Asiyeona ni wewe."

Kicheko kikakatika. Tryphosa, aliyekuwa amesimama kati ya michai na kikapu mgongoni, alimwona Bitutu ameweka mkono mdomoni. Alimwona Ombui naye, hata kwa mbali, ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kitu akasikia kikivunjika. Kama angesema neno lingine pale pale, labda lingesaidia. Hakusema.

"Usikanyage kwangu tena," Zachariah alisema, si kwa kupaza sauti, lakini kila mtu alisikia.

Bwana mifugo wa eneo lile alikuwa kijana anayeitwa Onyancha, na wiki ileile alikuja kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwenye uzio wa kuchanjia karibu na barabara. Tryphosa hakuwa na ng'ombe wa kuchanja siku hiyo, maana ndama wake alikuwa bado mdogo mno. Alimweka Sajini ndani ya kikapu cha kuchumia chai, akaweka kando yake kipande cha ugali wake kilichofungwa kwenye jani la mgomba ili asishinde na njaa, akajitwika mgongoni. Mbwa hakupinga. Huko ndiko kulikomtisha kuliko macho ya manjano, kwamba mbwa yule alikubali kubebwa kama majani ya chai.

Penye uzio watu walimwona.

"Mama Abner, chai yako leo ina mkia!"

"Utapimiwa kilo ngapi hiyo?"

Tryphosa aliwaacha wacheke, hakuona kwamba walikuwa na nia mbaya. Alingoja mpaka ng'ombe wa mwisho akaachiliwa, kisha akateremsha kikapu mbele ya Onyancha.

Kijana hakucheka. Alipiga goti, akafunua mdomo wa mbwa, akatazama macho, akabonyeza tumbo kwa vidole viwili. Alichukua muda wake.

"Mama, anakula nini?"

"Anakula vizuri, daktari. Ugali, mchuzi wa omena, maziwa."

"Ugali wa unga huu mnaokula nyinyi?"

"Hapana. Wake tunamsagia peke yake." Akafungua jani akamwonyesha.

Onyancha alinusa kile kipande, akakivunja, akanusa tena. "Mahindi yake yalikuwaje kabla ya kusagwa?"

Tryphosa akamweleza: marundo matatu, la watu, la kuku, na lile la tatu, la punje za kijani na nyeusi, na vumbi lake. Alieleza kwa utaratibu, bila kuona haya, kwa sababu alijiona kuwa mwanamke asiyetupa chakula. Akiwa katikati ya maelezo aliona uso wa yule kijana, na sauti yake ikapungua yenyewe.

"Kuvu ile ina sumu, mama," Onyancha alisema.

"Nani aliitia?"

"Haitiwi na mtu. Inaota yenyewe ndani ya mahindi yaliyolowa. Tulielezwa kwenye mafunzo, na mwaka huu nimeona mbwa wengine wa namna hii huko upande wa Nyamira. Inashika ini. Mbwa hawaiwezi kabisa."

"Lakini nilipika. Moto ulikuwa mkali."

"Moto hauiondoi."

Tryphosa alimtazama Sajini ndani ya kikapu. Mbwa alikuwa ameweka kidevu ukingoni, akitazama miguu ya watu.

"Siwezi kuapa," Onyancha akaongeza. "Ili kuapa ningelazimika kumpasua na kupeleka ini Nairobi. Inawezekana nimekosea. Ila acha unga huo leo hii. Mpe maji ya glukosi, mayai, kidogo kidogo. Mahindi yaliyobaki yachimbieni shimo. Msimpe hata nguruwe."

"Sisi Wasabato hatufugi nguruwe."

"Ndiyo, mama. Nimesahau." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha.

"Na mtu akipikia pombe?"

Onyancha alifikiri. "Mimi ni wa wanyama, mama. Pombe sijui inaifanya nini. Lakini mimi nisingeinywa."

"Atapona?"

Alifunga mkoba wake kwanza. "Mpe glukosi," alisema.

Njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda, na Tryphosa aliipanda akiwa na uzito wa mbwa mgongoni. Hakuna aliyesikia maneno ya Onyancha isipokuwa yeye. Wenye ng'ombe walikuwa wamekwisha kutawanyika. Akinyamaza, Sajini atakufa akiwa mbwa aliyetiliwa sumu, na Ombui atabaki mtu aliyemtilia, na hakuna atakayemuuliza Tryphosa habari za mchuzi wa omena. Wazo hilo lilitembea naye kwa muda. Hakulifukuza kwa haraka. Alilitazama kama alivyotazama punje za mahindi, akiligeuza. Kisha akaona kwamba, akiligeuza vyovyote, hataweza kulala nalo.

Zachariah alikuwa barazani. Alisikia kengele ndani ya kikapu, akainua uso.

"Amesema nini?"

Tryphosa alimtoa mbwa, akamlaza juu ya gunia, akakaa chini karibu naye. Akamweleza yote kama alivyoelezwa, bila kupunguza. Zachariah alisikiliza kibakuli kikiwa mkononi, kidole gumba kikizunguka ukingoni, kikizunguka.

"Basi ni mimi niliyepika," Tryphosa akamaliza.

"Ni mimi niliyesema apewe."

"Hukujua."

"Wewe ulijua? Nilitaka tu yasiwe pombe. Nililiwaza jambo hilo vizuri, Mama Abner. Sikulisema kwa haraka. Nililiwaza nikaona ni jema." Kidole kikasimama. "Lakini yeye hakuonja kwamba ni kibaya? Mbwa ana pua."

Tryphosa aliliweka sawa gunia chini ya mbwa.

"Siku ya kwanza alikataa," alisema.

"Alikataa?"

"Alinusa akarudi nyuma. Ile siku ulisema asijifanye mtakatifu."

"Nakumbuka. Kisha akala."

"Nilimtilia mchuzi. Nikambembeleza."

Zachariah alinyoosha mkono hewani, akaupitisha huku na huku mpaka ukapata kichwa cha mbwa, ukatulia pale. "Alikataa," alisema tena, kana kwamba mbwa huyo alikuwa amempa habari ambayo hakuwahi kuisikia.

Tryphosa akauliza, "Na Ombui?"

"Nitakwenda. Akipata nguvu, nitakwenda naye. Mambo ya kumwambia ndugu yangu sitaki kwenda nimeshikwa mkono."

Wakangoja. Tryphosa alikoroga glukosi, akampa kwa kijiko pembeni mwa mdomo. Alimpa mayai ambayo yangeuzwa kwenye soko la Masimba. Siku mbili za kwanza Sajini aliinua kichwa kila alipomsikia Zachariah akikohoa, na Zachariah akakohoa zaidi ya alivyohitaji. Aliviacha viatu vyake mlangoni, tayari. Kila asubuhi aliuliza, "Leo?" na Tryphosa akajibu, "Bado." Tumbo lilizidi kuvimba. Kisha damu ikaonekana kwenye kinyesi, na Tryphosa alijua, lakini aliendelea kujibu "Bado," kwa sababu nalo halikuwa uongo.

Sajini alikufa asubuhi moja mvua ikinyesha, wakati wa kuchuma chai. Hakupiga kelele. Zachariah alikuwa amekaa naye, mkono ubavuni mwake, na ni yeye aliyemwambia mkewe.

Tryphosa alichimba nyuma ya ghala. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, lakini mizizi ilikuwa mingi, na jembe lilirudi juu mara kwa mara. Zachariah alitaka kusaidia. Alishuka shimoni, akachimba kidogo, akampiga Tryphosa mguuni kwa mpini bila kukusudia, akapanda juu akasimama kwenye mvua mpaka kazi ilipokwisha. Yale mahindi yaliyobaki na unga wake Tryphosa aliyafukia kwenye shimo jingine, mbali kidogo. Ng'ambo ya kijito moshi wa Bitutu ulipanda kama kila siku. Hakuna aliyevuka.

Siku iliyofuata haikuwa Sabato wala soko. Zachariah alivaa viatu, akafunga tai.

"Nakwenda kwa Ombui."

"Ngoja nifunge kitambaa."

"Wewe baki."

"Baba Abner, gogo limeloa."

"Nimelivuka maisha yangu yote."

Tryphosa alimwacha atangulie, kisha akamfuata pekupeku, akikanyaga mahali penye majani. Penye mteremko Zachariah alisimama. "Mama Abner, rudi," alisema bila kugeuka. Naye hakurudi, lakini hakuongeza hatua mpaka mumewe alipokuwa mbali.

Alimwona amefika kwenye kijito, amepapasa kwa fimbo, amelikosa gogo, amelipata. Alivuka amekaa, akijisogeza kwa mikono, na suruali yake ya kanisani ikaloa matope. Ng'ambo alisimama, akajipangusa, akapanda. Palipogawanyika njia alikosea. Alichukua ile ya kushoto, akaingia kwenye migomba ya Ombui, akaikosa nyumba kwa umbali wa mkuki, akatokea upande wa nyuma wa ua, karibu na mahali Bitutu anapotupa machicha ya pombe. Tryphosa alifika kwenye gogo akasimama hapo. Kutoka pale aliona na kusikia kila kitu.

Ombui alikuwa amekaa kwenye mlango wa uani akinoa panga. Bitutu alikuwa kwenye meko. Wote wawili walimwona Zachariah kabla hajafungua mdomo. Bitutu akainuka ili amwite, na Ombui akaacha kunoa, akamwinulia mkono, anyamaze.

"Ombui," Zachariah alisema. Alikuwa ameielekea migomba. Ndugu yake alikuwa upande wake wa kulia, nyuma kidogo, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. "Ombui, nimekuja peke yangu. Mbwa hakutiliwa sumu na mtu. Alikufa kwa yale mahindi niliyokunyima. Mimi ndiye niliyesema apewe. Nilikuita muuaji mbele ya watu, na watu hao sitaweza kuwapata wote niwaambie hivi. Kwa hiyo nakuambia wewe. Nilikosea."

Jani moja la mgomba likatikisika kwa upepo mbele yake, naye akalielekea zaidi, kama mtu anayetaka kusikilizwa vizuri.

"Na yale uliyonijibu siku ile, mimi nimeyasamehe. Sijui kama uliyakusudia. Hata kama uliyakusudia."

Akangoja. Bitutu alikuwa amegeukia meko, mabega yakitikisika. Ombui aliweka panga chini polepole, lisilie.

"Ombui? Uko hapo?"

Tryphosa aliona midomo ya Ombui ikifunguka na kufungika. "Niko," alisema hatimaye, na Zachariah akashtuka, akageuka nusu, na damu ikampanda usoni alipojua kwamba muda wote alikuwa akizungumza na migomba.

"Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Yote?"

"Yote." Kisha Ombui akauliza, "Mlimzika wapi?"

"Nyuma ya ghala."

"Nani alichimba?"

"Mama Abner."

Ombui alitazama mikono yake. "Shemeji alichimba kwenye mvua ile, peke yake. Na mimi niko hapa, namwona. Ulisema nisikanyage."

"Nilisema."

Zachariah aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepokea jibu kamili. Akaiweka fimbo sawa mkononi, akageuka ili arudi nyumbani, na hapo akasimama. Hakuwa ameelekea njia. Alisikiliza, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama alivyofanya miaka yote kabla ya kuanza kutembea, na hakuna kitu kilichotangulia. Ombui alikuwa amekwisha kusimama, lakini miguu yake haikwenda. Tryphosa akauweka mguu wake juu ya gogo lililoloa, akaanza kuvuka.